Smati kii ya Vanguard, nipo Mbeya: fundi wa kuja nyumbani, safari ya Dar au kuagiza China?

Kona_ya_Kabwe

Wakuu, habari za majukumu.

Gari langu ni Toyota Vanguard la kubonyeza, yaani la smati kii: ufunguo unakaa mfukoni, unawasha kwa kitufe. Lilitoka Japani na ufunguo mmoja, kama magari mengi tunayoagiza, na kwa muda sikuona shida. Sasa kava limepasuka na kitufe cha kufungua mlango kimechoka. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu mnazijua, nasimama nje nabonyeza mpaka vidole vinakufa ganzi. Betri nimeweka mpya, haikusaidia. Nikishaingia ndani gari linawaka bila tatizo. Hofu yangu ni kwamba huu ndio ufunguo pekee, na siku ukipotea sina pa kuanzia.

Nimeulizia, nimepata njia nne. Kuna fundi funguo hapa Mbeya anayetembea na mashine zake, anakufuata ulipo. Kasema laki mbili na nusu, ufunguo pamoja na kazi. Kuna duka Kariakoo wanafanya kwa laki na themanini, ila niwapelekee gari. Kuna kuagiza ufunguo China kwa bei ya chini kabisa, halafu nitafute wa kuuprogramu, yaani kuusajili kwenye gari. Na kuna fundi wa umeme wa magari anayetaka kuondoa mfumo wote na kuniwekea swichi ya kuchomeka.

Aliyepita mojawapo anisaidie kupima.

Mjini_Ilala

Mkuu, njoo Dar. Wenye mashine kamili wako huku, spea ziko huku, na mafundi wanashinda na kazi hizo kila siku. Ukibahatisha huko wakakuharibia kontroliboksi (kompyuta ya gari) utakuja Dar hivyohivyo, tena ukiwa unavutwa.

Umeme_Uyole

Naomba nijibu kwa urefu, kwa sababu watu wengi wanapoteza hela hapa kwa kutojua kinachofanyika.

Kwanza hesabu ya Dar. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Vanguard ya injini ya 2.4 ikienda kilomita 10 kwa lita unaunguza zaidi ya lita 160 kwenda na kurudi. Piga hata kwa shilingi 3,000 kwa lita: ni karibu laki tano ya mafuta ili uokoe elfu sabini. Bado hujalala, hujala, hujakaa nyuma ya malori Kitonga. Kama una safari yako nyingine ya Dar, sawa, unganisha. Kwenda kwa ajili ya ufunguo tu siyo hesabu.

Pili, uelewe gari linafanya nini. Ukisogea mlangoni, gari linatuma mawimbi ya masafa ya chini yanayofika karibu mita moja tu. Ufunguo ukiyasikia unajibu kwa masafa ya juu, unajitambulisha, ndipo mlango unakubali na injini inaruhusiwa. Ndani yake kuna chipu ambayo haitegemei betri kabisa. Ndiyo maana betri ikiisha unaweza kuushikiza ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ya Toyota, na gari likawaka. Mlango unaufungua kwa kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti. Kichomoe leo ukione. Wapo wanaomiliki gari miaka na hawajui kama kipo.

Tatu, na hapa ndipo pesa ilipo: kuongeza ufunguo wakati unao mmoja unaofanya kazi, na kutengeneza wakati umepoteza zote, ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukiwa nao mmoja, fundi anachomeka mashine kwenye tundu la OBD, lile la kusomea kompyuta ya gari, chini ya dashibodi, anauonyesha ule wa zamani, gari linajua mwenye mali yupo, linapokea mpya. Ni kazi ya dakika chache. Ukipoteza zote, gari halina wa kumwamini. Inabidi mfumo urudishwe upya kwa hesabu za siri, na kwa magari mengine lazima boksi la smati, lile linalotambua ufunguo, lifunguliwe na kumbukumbu yake isomwe. Muda ni mwingine, bei ni nyingine, na uwezekano wa kuharibu ni mkubwa zaidi.

Kwa hiyo swali lako siyo Mbeya au Dar. Fanya sasa, ungali nao mmoja.

Mimi siyo fundi funguo, ni umeme tu, sina ninachouza hapa.

Mnyaki_wa_Kyela

Mzee wa Uyole kasema kweli. Mjomba wangu ana Premio la kubonyeza, ufunguo ulizama Ziwa Nyasa pale Matema, na ulikuwa mmoja. Gari limefungwa, liko mchangani, watoto wamo kwenye nyumba ya wageni wanauliza tunaondoka lini.

Ushauri wa kwanza tuliopewa ni kuvunja kioo. Wa pili, kutafuta gari la kuvuta mpaka Mbeya. Mjomba akakataa vyote, akampigia fundi wa funguo Mbeya, naye akashuka kwa njia ya Tukuyu.

Nilisimama naye mwanzo mwisho. Mlango hakuvunja. Ana kile kifaa cha Lishi, anakiingiza kwenye kitasa taratibu, anasoma meno ya kufuli moja baada ya jingine na kuandika namba. Kwa namba zile akachonga kifunguo cha chuma kwenye mashine ndogo aliyobeba. Halafu akaingia ndani na mashine ya Autel, ya kusajili funguo.

Hapo ndipo tulipokwama. Mashine inachukua taarifa za gari, inazituma kwenye seva kwa intaneti, zinapigiwa hesabu huko, ndipo jibu linarudi. Pale gari lilipokuwa mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Tukatafuta laini ya kampuni nyingine, tukaweka simu juu ya paa la gari. Jibu liliporudi akasema sasa tunasubiri dakika 16, hakuna kugusa kitu, mlango usifunguliwe wala taa zisiwashwe. Kumbe Toyota nyingi zina muda huo wa kusubiri mfumo unapojirudisha upya.

Liliwaka. Mjomba alilipa zaidi ya mara mbili ya bei uliyotajiwa wewe, na nauli ya fundi juu, na hakulalamika hata kidogo. Kuvuta gari kwenye zile kona za Tukuyu kungemla zaidi.

Dada_Kihesa

Mimi nilipita njia ya kuagiza, nipo Iringa, kwa hiyo naweza kuisemea.

Nilinunua ufunguo mtandaoni unaofanana na wangu kwa sura, vitufe vilevile, nembo ileile. Fundi akausajili, gari likaukubali. Lakini milango haikufunguka, na ili gari liwake ilibidi niushikize kwenye kitufe kila mara. Sababu ni masafa. Rimoti za magari ya soko la Japani ziko kwenye megahezi 312 hadi 315. Muuzaji alinitumia wa 433, wa magari ya Ulaya. Chipu ilisomwa, rimoti ikawa inapiga kelele kwenye njia ambayo gari halisikilizi.

Kwa hiyo kaka Kona, ukiagiza, usiagize kwa picha. Fungua ufunguo wako, angalia namba iliyoandikwa kwenye bodi ya ndani, na hiyo ndiyo umtumie muuzaji. Namba ya bodi ikitofautiana, sura haina maana.

Baadaye fundi aliniwekea ufunguo wa Xhorse, ule ambao unaingizwa aina ya bodi na masafa kwa mashine kabla ya kusajiliwa. Hauna nembo ya Toyota. Unafungua, unafunga, unawasha, na nikikaribia mlango unaitika. Kwangu umefanya kazi vizuri kuliko ule wenye nembo.

Mjini_Ilala

Huo wa Xhorse kweli upo, hata huku wanaupenda. Sawa, kwa hesabu ya mafuta nakubali, Dar siyo lazima. Lakini mtumba je? Huku kwenye spea za magari yaliyokatwa funguo zimejaa.

Umeme_Uyole

Mtumba wa Toyota smati ukishasajiliwa kwenye gari moja unajifunga. Gari lingine halitaupokea mpaka ufunguliwe kwanza kwa mashine yenye uwezo huo, na siyo kila fundi anayo. Kuna wanaouza seti nzima, ufunguo pamoja na boksi lake na kontroliboksi ya injini, ukafunga vyote. Hiyo inafanya kazi, lakini unanunua vitu vitatu kutibu kimoja.

Na ile njia ya nne, ya kuweka swichi ya kuchomeka, nakusihi usiikubali. Kwenye magari haya usukani una kufuli la umeme linalofunguliwa na mfumo uleule wa smati, na kontroliboksi ya injini inasubiri ruhusa kutoka humo. Kuondoa maana yake ni kukata nyaya, kudanganya kufuli la usukani na kuzima imobilaiza, ile kinga inayozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Ukimaliza una gari ambalo mwizi yeyote mwenye bisibisi analiwasha, na siku ukiuza mnunuzi akifungua chini ya usukani atakimbia.

Mbozi_Kahawa

Hapo kwenye ya nne sikubaliani moja kwa moja. Jirani yangu Vwawa boksi la smati liliingia maji likafa, na mpya hakuipata kwa bei ya maana. Kuwekewa swichi ndiko kulikorudisha gari barabarani, analipeleka shambani mpaka leo. Ila kwa mtu mwenye ufunguo unaowasha, hapana, hakuna haja.

Na kingine ambacho hamjakigusa. Kitufe kilichochoka ni kiswichi kidogo kilichochomelewa kwenye bodi. Mpelekee fundi simu mzuri pale Mwanjelwa, mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea, atabadilisha. Kava tupu nalo linauzwa, unahamisha bodi tu. Hiyo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ufunguo mpya. Tatizo la kitufe na tatizo la kuwa na ufunguo mmoja ni mambo mawili, usiyalipie kama moja.

Umeme_Uyole

Hili la Mbozi ni zuri sana. Ila fuata mpangilio: sajili wa pili kwanza, ndipo upeleke wa zamani kwa fundi simu. Joto la kuchomelea likizidi akaiua bodi, na ndio ulikuwa pekee, umeingia kwenye kundi la Matema.

Xtrail_Nyeupe

Kwa wenye Nissan wanaosoma uzi huu: utaratibu siyo uleule. Fundi akisajili ufunguo mpya, za zamani zote zinafutika, inabidi zisajiliwe pamoja wakati huohuo. Kama mke yuko na mmoja Njombe na wewe uko Mbeya, msubiri arudi. Usimruhusu fundi aanze.

Na fundi asiyekuuliza kadi ya gari na kitambulisho, mwogope. Anayekutengenezea wewe bila kuuliza atamtengenezea na mwizi wako.

Kona_ya_Kabwe

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilimwita fundi wa hapahapa Mbeya, kazi kafanyia nyumbani.

Aliomba kadi na kitambulisho kabla hajashusha begi. Halafu akaushika ufunguo wangu karibu na kifaa kidogo kupima masafa, akafungua kuangalia namba ya bodi, ndipo akachagua ufunguo wa kunipa. Betri ya gari aliiunganisha na chaja muda wote wa kazi, akasema umeme ukishuka katikati ya kusajili ndipo watu wanapoua boksi. Nilikuwa sijasikia mtu akilisema hili, na mafundi wengine niliowahoji kwa simu hawakulitaja.

Jambo kubwa lilikuwa hili: kabla ya kuongeza, nilimwomba asome idadi ya funguo zilizosajiliwa. Ikasoma mbili. Mimi nina mmoja. Maana yake upo mwingine mahali fulani, Japani au njiani, nao unaliwasha gari langu. Akafuta zote akabakiza niliokuwa nao mkononi, kisha akaongeza mpya. Tukasoma tena, mbili, na safari hii zote mbili ziko mezani kwangu. Mwenye gari la kuagiza aliyepewa ufunguo mmoja, ombeni mashine isome namba hiyo. Haichukui muda.

Nilijaribu vyote kabla ya kulipa: kufungua na kufunga kwa rimoti, kugusa kitasa, kuwasha, na kuwasha nikiwa nimeondoa betri ya ufunguo nikaushikiza kwenye kitufe. Kifunguo cha chuma cha ndani nacho alikichonga, nikakijaribu mlangoni. Nilimlipa ileile laki mbili na nusu.

Wa zamani nimeupeleka Mwanjelwa, umebadilishwa kiswichi na kava. Unaitika kwa mguso mmoja. Asante Mbozi.

Makambako_Njiapanda

Hongera mkuu. Huyo fundi anafika Makambako? Tuna Crown na Mark X hapa ofisini, zote zina ufunguo mmoja mmoja.

Kona_ya_Kabwe

Anafika, na mkiwa na magari zaidi ya moja nauli mnagawana. Nimekutumia namba yake kwa ujumbe wa faragha. Ukimpigia mtajie aina ya gari na mwaka wa kila moja, na mtumie picha ya bodi ya ndani ya kila ufunguo, mbele na nyuma, ili aje na zinazolingana. Na chajini betri za magari siku moja kabla.