Nmekuta Popular Science za babu, hili gazeti ni la lini?

MtotoWaKuze: Salaam wenzangu. Jana nlifungua sanduku la bati la marehemu babu, alikuwa fundi kule Kilindini, nkakuta Popular Science za miaka ya 60 kama kumi hivi, mende washatafuna pembe, na moja ina ukurasa umekatwa kwa wembe vizuuri kabisa. Nadhani ilikuwa ramani ya mashua maana mzee alipenda bahari. Sasa hili gazeti lilianza lini na bado latoka ama lishakufa?

FundiRedio: Yakhe hilo ni la 1872! Edward Youmans alilianzisha New York likiitwa Popular Science Monthly, na sababu kubwa ilikuwa apate pa kuchapisha maandishi ya Herbert Spencer, mwanafalsafa wa Uingereza. Hilo la mwanzo ungelala ukurasa wa pili, maneno matupu ya wasomi, hakuna cha mashua wala kabati.

Shemeji_Tudor: Si ndo ile ile Popular Mechanics?

FundiRedio: La hasha, hao ni mahasimu. Ile ni ya Henry Windsor, Chicago, 1902.

BiMkubwa: Fundi umeruka penye utamu. Gazeti la wasomi halikuwa lalipa, ndo 1915 jina likauzwa, wale wasomi wakaenda kufungua lao jingine, Scientific Monthly, na walionunua jina wakaligeuza la mafundi, mapicha tele, magari, redio, vitu vya kuunda mwenyewe nyumbani. Kwa hivyo babu yako alikuwa akisoma jina la 1872 lakini gazeti khasa ni la 1915. Mimi hata sioni kama ni gazeti moja.

Karatasi waliacha 2021, na 2023 hata lile la kusoma kwa simu wakalifunga, imebaki tovuti. Lakini ya zamani yako Google Books bure, tangu 1872 mpaka 2009. Angalia mwezi na mwaka kwa jalada utafute huo ukurasa wako.

MtotoWaKuze: Bi Mkubwa Mungu akuweke! Nmeupata. Si mashua bwana, ni kabati la vifaa, na walahi nlipoona picha nkacheka peke yangu, kabati lenyewe liko jikoni kwa nyanya mpaka leo, aweka mchele.