Sufuria ya stenlesi imeungua chini, nisugue na nini?

jikoni24
Jamani naombeni msaada, jana nilibandika maji na sukari jikoni nikapigiwa simu nikasahau kabisa, nakuja kushtuliwa na harufu. Chini kumeganda ukoko mweusi tii kama lami, nimeloweka usiku kucha na sabuni ya maji, nimesugua na stilwaya mpaka vidole vinauma, kimebanduka kipande cha ukubwa wa kucha tu. Sufuria nilipewa zawadi sitaki kuitupa. Kuna mtu kaniambia nimwagie dawa ya klorini ilale humo, ni sawa?

fundi_chuma
Klorini usithubutu! Na hiyo stilwaya weka pembeni. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayojitengenezea ngozi nyembamba sana juu ya chuma, sasa klorini inaitoboa ile ngozi, unapata vishimo vidogo kama vya sindano na havizibiki tena.
Weka maji yafunike ukoko, tia bekingi soda vijiko viwili vitatu vya chakula, chemsha moto mdogo dakika 15 hivi. Utaona ukoko unajikunja pembeni kama gome la mti, hapo ukwangue taratibu kwa mwiko wa mbao. Halafu iache ipoe yenyewe, ukiimwagia maji baridi ikiwa ya moto kitako kinapinda.

bi_mwiko
Naongezea tu, usichanganye siki na bekingi soda kwa pamoja. Watu wanaona povu wanadhani ndo inasafisha, kumbe zinauana nguvu na unabaki na maji ya chumvi chumvi tu. Tumia moja, suuza, ndo ulete nyingine.

jikoni24
Asanteni sana, nimechemsha mara mbili ukoko wote umetoka!! Ila kumebaki doa la rangi rangi, bluu na zambarau, kama mafuta yaliyoelea juu ya maji. Nimeiharibu?

bi_mwiko
Hapana mpenzi, hilo ni la moto mkali tu, chakula hakidhuriki. Lowesha kitambaa na siki nyeupe upangusie.

jikoni24
Limetoka palepale, hata sijasugua! Imebaki mikwaruzo yangu ya stilwaya.

fundi_chuma
Hiyo haitoki, ila sufuria ni nzima, pikia. Siku nyingine sponji laini, na ufuate ile mistari ya chuma chenyewe.