Nix inafuta takataka tangu jana, diski inanguruma tu. Nizime?

Mtu wa Mabibo: Habari za asubuhi wakuu. Laptopu ina NixOS, ile Linux inayotumia Nix kusakinisha programu, diski imejaa hadi inagoma kuhifadhi kitu. Jana jioni nikapiga amri ya usafi, `sudo nix-collect-garbage -d`. Mpaka sasa imenasa kwenye "deleting unused links...". Nikiikatiza kwa Ctrl+C itaharibu kitu? Nina presha.

fundi_kimya: Ni HDD, diski ya kuzunguka?

Mtu wa Mabibo: Ndiyo mkuu.

fundi_kimya: Basi haijanasa. Ukiwa umewasha auto-optimise-store, mafaili yanayofanana huhifadhiwa mara moja tu, na kila moja hupewa jina la ziada ndani ya /nix/store/.links. Mwisho wa usafi Nix inapitia jina moja moja kuangalia kama lina mtumiaji. Majina ni lukuki, folda ni moja, kichwa cha HDD kinarukaruka. Piga `df -h` uone nafasi iliyobaki. Nafasi ikiongezeka, iache.

Bibi Kompyuta: Mimi na Ubuntu yangu ni `sudo apt clean`, /var/cache/apt/archives nyeupe kabla sijameza mate. Mjukuu wangu alitaka nihamie huko kwenu, nikamwambia aoe kwanza.

Mwl. Kisanga: Vijana mnapenda sifa. Angehamisha video zake kwanza.

fundi_kimya: Ctrl+C hapo haina madhara, mabaki yatafutwa safari ijayo. Ila haraka ya nini?

Mtu wa Mabibo: Nina kazi tu.

fundi_kimya: Kazi gani?

Mtu wa Mabibo: Sawa. Juzi niliapdeti, waifai ikafa. Nataka kurudi kizazi cha nyuma, yaani mfumo ulivyokuwa kabla ya apdeti. Nikikatiza sasa si vitabaki viwili vitatu?

fundi_kimya: Hiyo -d huanza na vizazi vya zamani, links ni hatua ya mwisho. Vimekwenda. Uliwasha upya baada ya apdeti? Kama hukuwasha, /run/booted-system bado imeshikilia cha zamani.

Mtu wa Mabibo: Niliwasha. Sasa ningefanyaje, nafasi haikuwepo! Waifai nilipanga kuishughulikia baadaye.

fundi_kimya: flake.lock ya zamani, faili linaloandika matoleo yaliyotumika, iko kwenye git, inayotunza historia ya mafaili?

Mtu wa Mabibo: Git ni ya watu wenye timu.

Chumvi Nyingi: Ngojeni. Diski imejaa, lakini apdeti ya mfumo mzima ilipita? Waifai imekufa, lakini uko hewani? Hii chai.

Mtu wa Mabibo: Niko kwenye simu. Na apdeti hiyohiyo ndiyo iliyomaliza nafasi, we vipi?

Bibi Kompyuta: Inaingia akilini.

Chumvi Nyingi: Tupia picha ya `df -h`.

fundi_kimya: Achana na picha. Chomeka simu kwa waya, shirikisha intaneti kwa USB, Linux itaiona kama kadi ya mtandao. Kisha jenga upya kwa nixpkgs (hazina ya programu za Nix) ya kabla ya apdeti.

Mtu wa Mabibo: Waya kauchukua jirani.

Chumvi Nyingi: Mnaona?

Bibi Kompyuta: Maandazi naleta mimi.