Bata wawili wamejileta kwangu Ruai, nina kuku 11. Niwalaze pamoja?

MamaKuku_Ruai
Hamjambo wafugaji. Tangu Jumamosi kuna bata wawili kwenye ploti yetu. Mkubwa ana uso mwekundu wenye vinundu, halii, anazomea tu. Wa pili ni mdogo, mweupe. Nimeuliza majirani na mzee wa Nyumba Kumi, hakuna anayewadai. Kuku wangu ni wa kienyeji, banda ni futi 8 kwa 6, wanakula chakula cha kuku wa mayai. Maji ya mfereji huja siku tatu kwa wiki. Naweza kuwaingiza bandani leo usiku?

Daktari_wa_Mifugo
Usiwaingize leo, dada. Watenge siku 30, mbali na kuku kadiri ploti inavyoruhusu, na maji ya upande wao yasitiririkie kwa kuku. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri (Newcastle) au vya homa ya mafua ya ndege akiwa mzima kabisa kwa macho, kisha kuku ndio wafe. Kumwona anakula vizuri si kipimo.

Kila siku hudumia kuku kwanza, bata mwisho. Weka gambuti za upande wa bata peke yake, na chombo cha kulia kisivuke. Siku ya kwanza mshike kila mmoja: fungua manyoya chini ya bawa na kwenye tundu la kinyesi utafute chawa, kisha geuza nyayo. Kidonda cheusi kilichovimba katikati ya unyayo ni jipu, linahitaji kutibiwa. Wape dawa ya minyoo kwa uzito wao, si kwa kukisia.

Kama chanjo ya kideri ya kuku wako imepita miezi mitatu, rudia sasa hivi, usisubiri siku 30 ziishe. Ndege wakianza kufa ghafla, usichinje wala usiuze. Piga simu ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Mzoga unaweza kupelekwa maabara ya mifugo Kabete ukiwa umepozwa, si kugandishwa.

Banda_Kavu
Siku 30 zikiisha, nafasi bandani unayo. Kitakachokusumbua ni maji. Bata lazima azamishe kichwa chote ili asafishe macho na pua, kwa hiyo anahitaji chombo chenye kina cha sentimita 15 hivi. Dimbwi si lazima. Ila atamwaga, na maranda yakilowa kuku wanapata koksidia (ugonjwa wa kuhara) na mvuke wa mkojo unawachoma macho.

Kwa hiyo maji yakae nje ya banda. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa 60, jaza kokoto, funika kwa waya wa matundu madogo, weka beseni la lita 10 juu yake. Kinachomwagika kinazama. Maji ya beseni yakichafuka usiyamwage ovyo: mwagia sukuma au migomba. Kwa siku za mgao, weka akiba ya lita 20 ya bata peke yao.

Usiku waweke kwenye kona yenye maranda makavu, si chini ya fito wanapolala kuku, maana kinyesi kitawaangukia mgongoni hadi asubuhi. Chakula na maji viende pamoja: bata akila unga mkavu bila maji unamgandia kooni. Lowesha unga hadi ushikane ukiufinya, na uondoe masalio kabla hayajachacha.

Na tafadhali, usiwape mahindi yenye ukungu hata kidogo. Sumukuvu inamuua bata, hasa kifaranga, kwa kiwango ambacho kuku angestahimili. Parachichi zinazoanguka chini ya mti pia ziokote, ni sumu kwa ndege.

Daktari_wa_Mifugo
Naongezea: kukiwa na vifaranga wa bata, chakula cha kutagia hakiwafai, kalisi yake inaumiza figo. Pia wanahitaji niasini (vitamini B3) karibu mara mbili ya vifaranga wa kuku, la sivyo miguu inapinda. Nunua unga wa vitamini B agroveti. Hamira ya mandazi si mbadala, inachachia tumboni.

MamaKuku_Ruai
Asanteni sana, nawatenga jioni hii hii. Huyo mkubwa ni dume, sivyo? Na mweupe ametaga yai leo asubuhi, nimwekee kuku atamie?

Banda_Kavu
Uso wa vinundu na kuzomea, ni dume wa bata wa kienyeji (Muscovy). Akianza kupanda kuku mtoe siku hiyo hiyo, maumbile yake ya uzazi yanaweza kumjeruhi kuku vibaya. Jike mmoja ni haba kwake. Wanne au watano wangemtosha.

Hao huruka. Kata manyoya marefu ya ncha ya bawa moja tu, ukiacha yoyote ambayo mrija wake bado una damu.

Yai la bata huyo huchukua siku 35, la kuku 21. Kuku wengi huchoka na kuondoka kabla. Mwache mwenyewe atage 10 hadi 15, atalala juu yake bila kulazimishwa.