Naomba ushauri: mshono wa mdogo wangu umeanza kutoa usaha akiwa nyumbani

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji hapa Moshi, akaruhusiwa mshono ukiwa mkavu kabisa. Sasa tuko naye Kibosho. Wiki hii ya pili nimeona khanga yake imelowa upande wa kulia. Nilipofunua, pembeni pa mshono pamevimba, pana joto, na ukigusa kidogo unatoka usaha mzito wenye harufu. Jana usiku alitetemeka kwa homa.

Mama mkwe wake anasema ni kawaida, tumkande kwa maji ya chumvi na tumpake asali. Namheshimu sana, lakini hapa sikubaliani naye. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, yaani wengi huugua wakiwa wameshatoka wodini. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2016 kwamba Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Na yakishuka hadi kwenye kizazi, ni hatari ya kifo.

Kesho asubuhi nampeleka, hilo nimeshaamua. Nauliza: nianzie zahanati ya jirani, au nirudi moja kwa moja alikopasuliwa? Je, niombe usaha upimwe maabara kabla hajaanzishiwa antibayotiki? Na mtoto aendelee kunyonya? Wauguzi na mliopitia haya, nisaidieni usiku huu.