Mawakala wa safari za Berlin, acheni kutuuzia milango iliyofungwa na vitu vya bure!

Wakuu, kwema? Kwangu si kwema. Nina hasira na naimwaga hapa mapema, kabla watu hawajaanza kutuma hela za safari za kiangazi.

Kuna wakala, Mtanzania mwenzetu kabisa, anatangaza kwenye makundi ya WhatsApp kifurushi cha "Berlin ya kihistoria, makumbusho yote, kila kitu ndani". Jina simtaji, msije PM kuniuliza. Bango lake lina picha ya lile lango la bluu la Babeli, Lango la Ishtar, na chini yake herufi kubwa: PERGAMON, yaani makumbusho ya Berlin lilipo lango hilo. Mama watoto akalipenda, watoto wakalipenda, tukalipa. Na hapo tumeshahenyeka na viza, ambayo tangu Juni 2024 mtu mzima anatoa euro 90, na ukinyimwa ndiyo imekwenda.

Sasa sikilizeni. Makumbusho ya Pergamon YAMEFUNGWA. Siyo kwamba tulikuta wanadeki. Yamefungwa yote tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, na ukumbi wa ile madhabahu kubwa ya Wagiriki ulishafungwa tangu 2014. Wenyewe wanasema upande wa madhabahu wanatarajia kuufungua 2027. Upande wenye Lango la Ishtar, lile la kwenye bango, ni 2037! Kitinda mimba wangu atakuwa anazunguka na bahasha ya vyeti kutafuta kazi.

Hii siyo siri, imetangazwa wazi miaka yote hiyo. Wakala anayepeleka watu Berlin kila msimu hajui? Anajua sana, ndiyo maana kwenye ratiba aliandika "Pergamon" akaweka nukta. Tulichopelekwa kuona ni jengo jingine, ng'ambo ya mfereji, linaloitwa Panorama. Ndani kuna picha moja kubwa ya kuzunguka ukuta mzima, kazi ya msanii Yadegar Asisi, inayoonyesha mji wa kale wa Pergamon ulivyokuwa mwaka 129 baada ya Kristo, pamoja na sanamu kadhaa halisi. Picha ni kali, sitaivunjia heshima. Lakini mimi nililipia matofali ya Babeli yenye mafahali na madragoni, sikulipia mchoro wa mji mwingine kabisa. Nampigia simu, ananijibu: "Bro, si ndiyo Pergamon hiyohiyo?" Bro!

Hilo la kwanza. La watoto ndilo lililonichefua kuliko yote. Kwenye makumbusho ya serikali pale kisiwani kwao, Kisiwa cha Makumbusho, mtoto aliye chini ya miaka 18 haingii kwa hela. Bure. Wakala alinitoza euro 15 kwa kila mtoto na akaniandikia kabisa kwenye risiti, "tiketi ya mtoto". Dada wa kaunta aliangalia ile karatasi, akaangalia watoto, akatupa tiketi zao bila kudai hata senti, mimi nimesimama pale na karatasi yangu mkononi kama mshtakiwa. Na hapo ni baada ya kurudi mara ya pili, maana ratiba ya bwana mkubwa ilitupeleka Neues Museum Jumatatu. Jumatatu wanafunga.

Mle Neues ndiko aliko Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Sanamu ya kichwa chake ilichimbuliwa Amarna, Misri, mwaka 1912 na timu ya Mjerumani Ludwig Borchardt, na mpaka leo Wamisri wanaidai. Chumba chake hakipigwi picha, walinzi hawana mchezo. Bango la wakala linasema "piga selfie na Malkia Nefertiti". Huyu mtu sijui kama aliwahi hata kuingia.

Halafu kuba la Bunge lao, Reichstag, lile la vioo alilolibuni Norman Foster. Kwenye kifurushi ni euro 25 kwa kichwa. Wakuu, hakuna tiketi ya kuba la Reichstag duniani! Ni bure. Unajiandikisha mapema kwenye tovuti ya Bunge, unakuja na pasipoti, unapanda. Kazi pekee ya wakala ilikuwa kuandika majina yetu, na hakuandika. Mlinzi kapekua orodha yake kwa utaratibu kabisa, sisi hatumo. Tukageuka.

Ukuta wa Berlin nao kauweka kwenye bei: "East Side Gallery, kiingilio ndani". Kiingilio gani? Ni ukuta wa zaidi ya kilomita moja, uko kando ya barabara, mtu anapita na mbwa wake. Checkpoint Charlie, kile kituo cha kuvukia mpaka enzi za Ukuta, sitaki hata kuiongelea. Kile kibanda ni nakala.

Mimi ni mzaliwa wa Lindi, na hili la mwisho limenikaa kooni. Kifurushi kinauzwa kwa Watanzania, lakini makumbusho ambayo Mtanzania angeanza nayo hayamo. Pale Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe na asilia, amesimama dinosaria wa Tendaguru, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mifupa iliyotoka kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa mpaka pwani, miaka michache tu baada ya Maji Maji kuwamaliza wazee wetu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 kuna dinosaria wa hukohuko Tendaguru aliyepewa jina la kisayansi kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Nilipomuuliza wakala mbona hayupo kwenye ratiba, akasema "mifupa tu hiyo mzee, wateja hawaipendi". Tulienda wenyewe, tukalipa dirishani kama watu wengine, na binti yangu aligoma kutoka.

Najua wapo wa "si ungegoogle tu". Mkuu, nilimlipa mtu ili agoogle yeye! Ndiyo kazi aliyoiombea hela. Na wewe wa "ulaya hakuna cha bure", soma tena hapo juu.

Nimedai hela yangu, ananiambia kifurushi hakirudishiwi, imo kwenye masharti. Masharti yenyewe alinitumia baada ya kulipa. Sasa naomba msaada wa kweli: nililipa kwa kadi ya benki. Aliyewahi kupinga muamala kwenye benki zetu akarudishiwa, aje na utaratibu. Wanataka fomu gani, ndani ya siku ngapi, na screenshot za WhatsApp zinakubalika?

Na wewe wakala najua umo humu unasoma. Hela ya watoto, hela ya kuba, hela ya Pergamon. Namba yangu unayo.