"Kokoto si gauni": nimeambiwa hivyo mbele ya majirani

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka na vumbi jeupe la kokoto likiwa bado kwenye ushungi wangu. Yule bwana mwenye lori la bodi ya bluu, ambaye hakuna aliyejenga Tanga asiyemfahamu, ameniambia asubuhi hii hapa Kange, mbele ya majirani na vibarua, kwa sauti iliyofika Pangani: "Dada, kokoto si gauni, hazipimwi kwa futi."

Kosa langu ni kupima. Jamvi langu, yaani sakafu ya zege, ni mita 10 kwa 6, unene sentimita 10, yaani mita 6 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), kila mita ya zege hula takriban mita 0.9 ya kokoto, hivyo nilihitaji 5.4, nikalipia tripu ya mita 6 ili zitakazopotea zisinikwamishe. Lori lilipofika, kibarua alisawazisha kwa koleo, nikapanda, nikachomeka kipande cha nondo kwenye pembe nne na katikati, nikapata kina cha sentimita 60. Bodi ina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2. Zidisheni wenyewe: ni 4.32! Zaidi ya robo ya fedha yangu imeyeyuka, na nilipomwonesha hesabu ndipo aliponiambia kokoto si gauni. Eti zimeshuka njiani. Najua kokoto zikitikiswa hushuka, lakini kushuka kiasi hicho labda lori lingetoka Kigoma likirukaruka njia nzima. Gauni! Vibarua walicheka hadi koleo zikawaanguka.

FundiZege: Pole sana dada. Mita moja ya kokoto ina uzito wa takriban tani moja na nusu, kwa hiyo mita 6 ni kama tani 9, na lori lile ni la tani 7. Hesabu yako ya 4.32 inakaribia tani 6 na nusu, yaani ndicho hasa linachobeba. Siku zote anauza hivyo.

Mgosi wa Makorora: Dada yangu, nani alikutuma ulipe kabla ya kupima? Hata samaki wa soko la Deep Sea tunamfunua mashavu kwanza ndipo tutoe pesa.

Mwenye uzi: Nimelipa kabla au baada, kaka yangu, ndiyo anitajie gauni mbele ya watu?

MamaChumbageni: Heri yako wewe uliyepunjwa kitu kizuri. Mimi niliuziwa mchanga wa pwani nikaapiwa kuwa ni wa mtoni. Nimeuweka ulimini, ni chumvi tupu, na sasa nondo zinatoa kutu na lenta, ile boriti ya zege juu ya mlango, imepasuka.

Mgosi wa Makorora: Wangu haukuwa na chumvi, ulikuwa udongo mtupu. Plasta ilibanduka kama ganda la muhogo.

FundiZege: Jazeni mchanga nusu chupa, ongezeni maji, tikiseni, kisha uacheni utulie. Tope litakaa juu ya mchanga, mtaliona kwa macho.

MamaChumbageni: Nimefanya hivyo kwa mchanga uliobaki uani. Tope ni vidole viwili! Fundi, uko upande gani wa mji, uje uniangalie hiyo lenta?